Mpaka wa Milembe na Wilhelmina

Milembe alikuja Bariadi kwa ndoa, akitokea Shishiyu. Mumewe, Mayunga, alikuwa fundi baiskeli, mtu wa kijiji cha Kimali kwa asili. Walikaa chumba cha kupanga mpaka mzee mmoja aliyekuwa na shamba la pamba pembezoni mwa mji akaanza kulikata vipande na kuwauzia watu. Mayunga akauza ng'ombe, Milembe akaongezea akiba aliyoipata kwa kuuza michembe, yale makopa ya viazi vitamu, wakanunua kipande. Hawakuandikiana kitu. Mzee alitangulia, wao wakamfuata, akawaonyesha kipande kinapoishia, nao wakapanda minyaa kuwa uzio. Wilhelmina, jirani aliyekuwa ameshajenga upande wa pili, aliwaletea uji siku walipofyatua tofali za kwanza.

Mji ukakua, ukawafikia, ukawapita. Nyumba ziliota kila mahali bila mpangilio, vichochoro vikapindapinda, hata kupitisha jeneza ikabidi watu wakate uani kwa mtu. Kisha Mayunga akaugua ghafla, akafa. Msiba haujapoa, Wilhelmina aling'oa minyaa upande mmoja akachimba choo. Milembe aliona wazi kwamba kiwanja chake kimeingiliwa kama hatua moja hivi. Akaenda kushtaki ofisi ya mtaa, na huko Wilhelmina akamwambia mbele ya watu:

"Ulizoea kusemewa na mumeo. Leo nani atakusemea?"

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Milembe akifika bombani na kumkuta mwenzake kwenye foleni, alikuwa anageuza na ndoo yake kurudi nyumbani.

Lakini lililomnyima usingizi zaidi lilitoka Kimali. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe shemeji yake, Maduhu, na vijana wake walikuwa wanadai mahali pa kujenga. Kila alipokuja mjini alikuwa anamwambia, "Shemeji, hapa ni mahali pa ukoo. Ujiandae." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Milembe. Aliacha hata kuziba nyufa za ukuta. Aliona ya nini kujisumbua na nyumba atakayotolewa.

Mwaka ule mtaa ukakubaliana kurasimisha makazi. Wakazi walichagua kamati yao, na halmashauri ikawaletea mpimaji, binti aitwaye Goodness. Alitandaza picha kubwa ya angani kwenye sakafu ya kanisa, watu wakainama kutafuta mapaa yao huku wanacheka. Milembe alilitambua la kwake kwa bati lililoshika kutu kwenye kona. Aliweka kidole pale, akakiondoa haraka, kama aliyegusa kitu cha mtu.

"Tutapita nyumba kwa nyumba," Goodness alieleza. "Kila mmoja asimame kwenye mpaka na majirani zake. Mkikubaliana, tunaweka alama na tunachora. Mkibishana, kiwanja kinabaki bila hati mpaka muelewane."

"Na mjane?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Mjane ni mwenye nyumba kama wewe."

Siku ya kupita nyumbani kwa Milembe, Maduhu alikuwa ameshafika kutoka Kimali. Jilala, mwenyekiti wa mtaa, alipouliza kiwanja ni cha nani, Maduhu ndiye aliyewahi kujibu.

"Cha marehemu kaka yangu. Aliuza ng'ombe wa baba yetu akanunua. Andikeni jina langu, kwa niaba ya ukoo."

"Tulinunua wote wawili," Milembe alisema.

"Nani alikuona ukitoa chochote?"

Mzee aliyewauzia alishafariki. Majirani wengi walihamia baadaye. Wilhelmina alikuwa amesimama upande wake, mikono kiunoni, maana na yeye alitakiwa kuwepo kama jirani wa mpakani.

"Mimi na huyu mama hatusemezani," alisema, "wala leo sikuja kumfurahisha. Lakini siku mzee anawaonyesha eneo nilikuwa hapa hapa. Pesa ya Mayunga haikutosha. Huyu akafungua pindo la kanga akatoa ya kwake, mzee akapokea. Na tofali kafyatua akiwa na mimba ya Monika. Wewe baba, samahani, sikukuona hata siku ya kuezeka."

Jilala akamuuliza Maduhu kama ana la kujibu.

"Hayo sikuyajua," alisema, akiangalia chini. "Kaka hakuniambia."

Goodness akaandika, kisha akawageukia wanawake wawili. "Sasa mpaka wenu uko wapi?"

Kila aliyekuwepo alijua habari ya choo. Wilhelmina akazunguka nyuma ya choo, akagonga kwa mguu visiki vya minyaa vilivyobaki ardhini. "Ulikuwa hapa. Nilipochimba niliingia kwake."

Miaka yote Milembe alikuwa anasubiri kusikia maneno hayo mbele ya watu. Alidhani atafurahi. Badala yake aliangalia kile choo, pazia lake la gunia, kandambili za wajukuu mlangoni, na uwanja wa Wilhelmina uliobanwa na nyumba pande zote.

"Alama ipite pembeni ya choo," alisema. "Atachimba wapi kingine?"

Jioni binti yake, Monika, alimlalamikia. "Mama, umegawa ardhi!"

"Nimegawa hatua moja. Yule angenyamaza ningeondoka na vyombo vyangu."

Hati ilichelewa sana, wengine wakakata tamaa wakasema kamati imewadanganya. Ilipotoka ilikuwa na jina lake, naye akatafuta fundi wa kuziba nyufa. Yeye na Wilhelmina hawakuwa marafiki. Asubuhi husalimiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na siku nyingine hukaa pamoja kwenye foleni ya maji.

Baada ya mavuno Maduhu alipiga hodi, akabaki amesimama nje.

"Shemeji, nimemleta mke wangu hospitali, wamemlaza. Nilikuwa naulizia gesti ya karibu."

"Gesti ya nini? Ingia ndani."

Alimsongea ugali, akamwekea na mlenda. Maduhu alikula taratibu, akamweleza kuwa mvua ya Kimali safari hii ilikuwa nzuri, na kwamba amepata mtamba mmoja wa kuanzia tena ufugaji.