Kofia Mbili na Asilimia Kumi na Moja

Choo cha madrasa iliyo karibu na nyumba ya mama yangu, Likoni, kina vigae vyeupe mpaka juu, mlango wa chuma na tangi la maji lisilokauka. Mtaa mzima hakuna choo kizuri kama kile. Mimi nikipita pale hugeuza uso, kwa sababu nakijua kilijengwa kwa pesa gani, na pesa zile nilizitafuta mwenyewe kwa miguu yangu na ukaidi wangu.

Mama ni mshona kofia. Sisemi kofia za mashine zinazouzwa kwa mafungu. Nasema zile za mkono, tundu moja moja, uzi juu ya uzi, kofia moja inayomla mtu mwezi na siku kadhaa. Mwenye duka mjini humpa elfu mbili na mia mbili kwa kila kofia, kisha huiuza kwa bei ambayo sitaitaja nisije nikatukana. Kwa kofia hizo, kwa miaka zaidi ya ishirini, mama aliweka shilingi laki sita za kwenda Hija. Sisi wanawe tulitaka kumchangia, akakataa. Alisema atakwenda kwa sindano yake, na aliyefunga safari kwa Mola wake hapandi mgongo wa mtu.

Kiongozi wa kundi la mahujaji alimwambia safari ya mwaka utakaofuata itakuwa laki sita na arobaini elfu. Zilipungua arobaini. Mama akaniita, akanikabidhi mambo yote.

"Wewe ndiwe uliyesoma," aliniambia. "Nitafutie mahali zitakapozaa kwa halali, mwaka mmoja tu. Magoti haya hayangoji."

Mimi ni karani wa ghala Changamwe. Kazi yangu ni kuhesabu mizigo ya watu, na najivunia kwamba hesabu yangu haijawahi kukosea hata gunia. Nikachukua likizo ya siku tatu, nikanunua daftari, nikachora safu, nikaanza kuzunguka mabenki kuuliza viwango vya amana ya muda maalumu, ile watu wanayoiita fiksi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na mpaka leo haijaisha. Benki ya kwanza ilikuwa na ubao mlangoni wenye tarakimu kubwa ya kuvutia. Nilipoketi nikaambiwa ile ni ya wenye mamilioni. Sisi wengine tuna kiwango chetu, nacho hakikuandikwa popote. Benki ya pili, upande wa Bamburi, kijana wa mezani aliniambia nane kwa mia. Nikafunga daftari. Akasema tisa. Nikasimama, akasema kumi. Nilipofika mlangoni aliniita kwa adabu zote, akasema ameongea na meneja, kumi na moja. Hakuwa amenyanyua simu wala kuinuka kitini. Na bibi mmoja aliyekuwa meza ya jirani alikuwa ametia saini kwa nane muda huo huo, akishukuru. Niliondoka pale. Basi kiwango cha benki ni kama bei ya samaki jioni, isipokuwa mwuza samaki hajivishi tai.

Benki ya tatu ni ile isiyotoza wala kutoa riba. Mzee wa pale alinikaribisha, akaniuliza hali, kisha akakataa kuniahidi chochote.

"Sisi twafanya biashara kwa pesa zako, tukipata twagawana," alisema. "Mwaka uliopita ilitoka kama saba. Mwaka huu Mungu ndiye ajuaye."

Nilimwambia sikuja kuuliza ajualo Mungu, nilikuja kuuliza kiwango. Hakukasirika. Alinipa karatasi yao, akanitakia siku njema. Upole wake uliniudhi zaidi kuliko uongo wa yule kijana wa Bamburi.

Nikakaa na daftari langu. Serikali hukata kumi na tano katika kila mia ya faida kabla hujaiona, kwa benki zote. Kwa kumi na moja, mama angepata elfu hamsini na sita na mia moja. Kwa saba ya kukisia, elfu thelathini na tano na mia saba. Ya kwanza inampeleka Makka na kumbakishia cha kununulia zawadi. Ya pili inamwacha nje kwa elfu nne na mia tatu. Nikaona huu si wakati wa kubahatisha na magoti ya mtu. Nikaziweka Bamburi. Mama alitia saini pale nilipomwonyesha kwa kidole, bila miwani, bila kusoma.

"Ni kule kwa halali?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Alhamdulillahi."

Kisha nikaongeza la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilimwambia aweke sindano chini. Nilimwambia mato yake yamechoka, apumzike, pesa sasa zitajifanyia kazi zenyewe. Akanitii. Mwaka mzima hakushona.

Mwaka ulipotimia, benki haikunipigia mimi. Ilimpigia mwenye akaunti. Nilipofika kwake Jumamosi nilimkuta amekaa mkekani, simu iko mbele yake, hajaigusa tena tangu asubuhi.

"Msichana wa benki amenipa hongera," alisema. "Asema riba yangu imekomaa. Nikamwambia arudie. Akarudia mara tatu, kwa heshima, maskini. Sasa niambie wewe."

Nilianza kueleza. Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha safu zangu, saba huku, kumi na moja huku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza kila mtu.

"Nilikuuliza ni kwa halali, ukasema ndiyo."

"Nilitaka ufike, mama."

"Wataka nifike mbele ya Al-Kaaba na riba mkobani. Wallahi ni bora nisifike."

Nilimkasirikia. Nakiri. Nilimwambia pesa ni pesa, kwamba wako wanaokwenda kwa pesa mbaya kuliko hizi na wakirudi twawaita Alhaji. Alisema tu riba yote itolewe, asiguse hata senti yake, isiliwe na mtu, iende chooni. Ndivyo wanavyosema masheikh wetu: mali ya riba usiile, wala usiitolee sadaka ukitaraji thawabu, itie mahali pa uchafu penye manufaa kwa watu. Choo cha madrasa kilikuwa kimebomoka. Elfu hamsini na sita na mia moja zilitosha vigae, mlango na tangi, zikabaki za fundi.

Kundi la mahujaji likaondoka bila yeye. Laki sita zake zilirudi kuwa laki sita. Nilipozipeleka kwa yule mzee wa benki ya tatu, kichwa chini, nilimwuliza mwaka ule waliishia kugawana kiasi gani. Alitazama daftari lake.

"Tisa, Alhamdulillahi."

Niliihesabu pale pale kaunta. Baada ya kodi, elfu arobaini na tano na mia tisa. Angekwenda. Na hata ingekuwa saba niliyoidharau, pengo lilikuwa elfu nne na mia tatu, yaani kofia mbili. Kofia mbili kwa mwaka mzima, kwa mwanamke niliyemwambia aweke sindano chini. Mimi nisiyekosea hata gunia.

Sasa bei ya safari imepanda, na kiongozi wa kundi hasemi itasimama wapi. Mama amerudi kushona. Mato yake hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo kila Jumamosi navuka kwa feri kwenda kumtungia uzi, sindano kumi na mbili, nazichomeka kwenye mto wake zimtoshe wiki nzima. Nilijaribu kumpa pesa zangu. Alisema hajui tena pesa zangu zimepitia wapi.

Kofia ya kwanza ilimchukua miezi mitatu. Alinipa nimpelekee mwenye duka, nikarudi nikaziweka noti mkononi mwake, nikamwambia ni elfu mbili na mia mbili, bei ile ile.

"Sema wallahi," aliniambia.

Tangu nizaliwe, mama yangu hakuwahi kuniapisha. Niliapa, ndipo akafunga kiganja.