Fundi Umeme Katika Baraza la Ardhi

Siku ya kwanza ya fildi nilibeba bisibisi na testa mkobani, maana nilikuwa nasomea umeme. Nikafikishwa kwenye baraza la ardhi la kata, upande wa Msimbati, jengo lisilo na hata balbu. Ofisi za umeme mjini zilikuwa zimejaa, na chuo kilitaka kila mwanafunzi awe na mahali pa kujifunzia kazi, basi baba akazungumza na Mwenyekiti wa Baraza, na mimi huyo nikaenda. Nilipouliza nifanye nini, Mwenyekiti alisema nikae, nisikilize, na nisicheke.

Nyinyi vijana mnaoniuliza ukatibu wa baraza ulikuwaje, mniwie radhi. Niliingia nimechanganyikiwa, na nimestaafu hivyo hivyo. Kwenye umeme, waya ama una moto ama hauna. Barazani mdai, yaani aliyeleta shauri, akizungumza naona ana haki. Mdaiwa akisimama, naye naona ana haki. Jamani, kichwa kiliniuma.

Shauri lililonivuruga kabisa ni la Bi Somoe. Mumewe alifariki bila kuacha mtoto. Shamba lilikuwa la Bi Somoe, la ukoo wa mama yake, lakini mikorosho aliipanda mume kwa mkono wake. Akaja Hamisi, mpwa wa marehemu, mwenye duka Mtwara mjini, akaidai: kwa mila ya Kimakonde, mpwa humrithi mjomba wake. Mjumbe mmoja, shehe, akasema mirathi haiendi hivyo. Wakabishana asubuhi nzima. Na mama wa watu hakuwa na kitu kingine cha kumlisha.

Sasa mjue, korosho nzuri haichumwi mtini. Inasubiriwa idondoke, ndipo inaokotwa, kwa hiyo lazima chini ya mti pafyekwe na kufagiliwa mapema. Bi Somoe alishikilia hapo hapo.

"Mti wa mjomba wako uchukue, mwanangu. Ung'oe, uende nao. Lakini kinachoanguka kwangu ni changu."

Hamisi hakukasirika. Alisema kwa adabu kwamba hana nia ya kumtupa mke wa mjomba wake, ila nyumbani kwao wangemwona mjinga akiiacha mikorosho ile.

Tulikwenda wote kutazama shamba, kama baraza lilivyofanya kila shauri la mpaka au miti. Huko huko Mwenyekiti akaamua: mikorosho ni ya Hamisi, lakini ataokota tu msimu ambao amefyeka mwenyewe, si kibarua. Asipofyeka, korosho ni za mwenye ardhi. Tukiwa njiani nilimuuliza kama hiyo ni sheria au ni ujanja.

"Hata mimi sijui, binti. Tungoje tuone."

Msimu wa kwanza Hamisi alikuja na panga lake, akafyeka mpaka viganja vikatoka malengelenge, Bi Somoe akimcheka na kumpikia. Msimu wa pili duka lilimbana. Hakuja.

Cheti cha umeme nilikipata, lakini baraza lilikwisha kuniajiri. Nilikuwa katibu Mikindani, chini ya mwenyekiti mkali asiyevumilia mchelewaji, kisha mjini, chini ya mwingine aliyechelewa kuliko wadai wote. Vijana walioletwa kwangu kwa fildi niliwasimulia shauri lile kwa kujigamba: mjane alipata vyake bila ugomvi. Siku hizi nipo nyumbani, sina shauri la kusikiliza, na ninaloliwaza ni jambo nililokuwa nikiwaficha.

Baada ya msimu ule wa pili, nikiwa bado Msimbati, Mwenyekiti wangu wa kwanza alinituma nikaone uamuzi unakwendaje. Nilimkuta Bi Somoe anaanika korosho, uwanja mzima umejaa. Nilimpongeza. Aliendelea kuzigeuza kwa mkono, kisha akaniuliza kama nikienda mjini huwa namwona Hamisi. Nikasema simwoni.

"Nilitaka korosho, mwanangu," alisema. "Sikutaka watu wa mume wangu waache kuja kwangu."

Nilikuwa nimekuja na pongezi tu. Nikachuchumaa, nikamsaidia kuzigeuza.