Kidude Kisichotengenezeka

Fundi cherehani wa mtaa ule alikuwa na mke mwenza, na wala hakumficha mtu. Mke mwenza huyo hakupika, hakufua, hakuzaa, na kila alipoamshwa asubuhi alikohoa moshi mpaka majirani wakafunga madirisha. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la viti viwili, lililolala chini kiasi kwamba kulipanda ni kuanguka na kushuka ni mpaka uinuliwe. Mumewe alilikuta limetupwa nyuma ya gereji aliyofanyia kazi ujanani, nyasi zimeota kwenye sakafu yake, akalikokota mpaka nyumbani. Watoto walizaliwa wakalikuta, wakaoa na kuolewa wakaliacha. Walimtania baba yao kwamba ni gari gani hilo lisilobeba familia. Naye aliwajibu kwamba familia ni yeye na mama yao, wao wengine ni wageni, na mgeni hata akikaa sana ataaga.

Vipuri vya gari hilo vilikuwa vimekwisha duniani. Waliolitengeneza walishaacha zamani, na wauza vipuri wa mjini walipoulizwa walicheka. Basi mzee akaishi kwa akiba. Akiba haiozi, alipenda kusema, na yake kweli haikuoza, ilishika kutu tu. Ukuta mzima wa banda lake ulijaa makopo, ya maziwa, ya rangi, ya mafuta ya kupikia, na ndani yake mlikuwa na spoku za baiskeli, springi za kalamu, vipande vya tyubu, bawaba za masanduku, na matumbo ya redio zilizokwisha kusema. Makopo hayakuandikwa kitu. Yote yalikuwa kichwani mwake. Ungeokota skrubu yoyote ukamwonyesha, angekwambia ilitoka wapi, nani aliitupa, na siku hiyo mvua ilinyesha au haikunyesha. Mpira wa mlango wa gari ulikuwa ndara ya mtoto wao wa mwisho. Kishikio cha dirisha kilikuwa mpini wa kisu cha jikoni. Springi ya cherehani ya kwanza ya mkewe ilikuwa humo ndani pia, ikivuta waya wa mafuta, na mama wa watu alikuwa hajasamehe sawasawa.

Majirani walimwita Bwana Makopo. Hakukasirika. Walikuja na redio na pasi zao zilizoharibika, akawatengenezea, akabakiza kipande.

Shida ilianza Jumapili moja, na ilianza kwa kicheko. Kila Jumapili mzee alimpeleka mkewe matembezini, yeye kwenye usukani, mama pembeni amefunga kitambaa ili upepo usimvuruge nywele. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara nne, mzee akazunguka mara moja, akazunguka tena, na mama akacheka akidhani ni utani. Alipozunguka tena, madereva wa nyuma wakapiga honi, na kicheko kikamkauka mama mdomoni. Mzee alisimamisha gari katikati, akamgeukia kwa adabu kama anayemsaidia abiria aliyemwokota njiani.

"Unakaa wapi," alimuuliza, "nikupeleke?"

Mama alimwelekeza. Kushoto, kulia, pita kiwanda cha matofali, sasa nyoosha. Na mzee aliendesha vizuri tu, gia zikiingia kama siagi. Walipofika nyumbani alilijua geti lake, akalalamika kwamba linataka mafuta. Mama aliingia chumba cha kushonea, akafunga mlango, akalia.

Sasa mtu mzima unamwambiaje kwamba asiendeshe tena? Mume aliyekulisha kwa mikono yake, ambaye mtaa mzima unamsimamisha kumuuliza, unamwanzia wapi? Mama hakujua pa kuanzia, na kwa kuwa hakujua, akaanza kuficha. Kwanza alificha ufunguo, ndani ya kopo lake la vifungo. Mzee alitafuta kidogo, akaguna, akachukua kipande cha msumeno uliovunjika, akakipiga tupa hadi swichi iliyochakaa ikakikubali. Mama akaficha klipu ya waya wa mafuta. Mzee akakunja spoku, akapata klipu bora kuliko ile ya kwanza. Akaficha kibanio cha betri. Mzee akakata bomba la shaba, akalifungua, akalipinda, na kabla chai haijapoa gari lilikuwa linakohoa uani. Kumnyima Bwana Makopo klipu ni kumnyima samaki mvua.

Lililomsumbua mama zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anafurahi. Kila alipomwona amekunja uso juu ya meza, ulimi umetoka pembeni, vidole vikipima chuma bila rula, alijiambia kwamba huyu ni mzima. Kichwa kinachoweza hivi kinaumwaje? Binti yao mkubwa alipopiga simu kuuliza hali, mama alimjibu kwamba baba hajambo kabisa, tena jana ametengeneza kibanio. Mficha maradhi kilio humfichua. Mama alilijua hilo tangu utotoni, lakini kujua methali si dawa.

Siku iliyofuata alikuwa anampima mteja gauni, pini zimemjaa mdomoni, aliposikia injini. Mpaka azitoe pini moja moja na kukimbilia nje, uani palibaki moshi.

Aliyemrudisha ni jirani yao, mshona viatu, aliyekuwa amekwenda mjini kununua ngozi. Alimkuta mzee ameegesha mbele ya duka la samani, ameziba mlango wake, watu wamemzunguka, wengine wanafoka na wengine wanacheka. Duka hilo zamani ndilo lililokuwa ile gereji ya ujana wake. Mzee alikuwa anamsubiri bosi aje afungue, na bosi mwenyewe alishazikwa siku nyingi. Mshona viatu hajui kuendesha, kwa hiyo alikaa pembeni akawa anamwambia njia, kushoto, kulia, vilevile kama mama. Alipokwisha kueleza hayo hakuondoka. Alisimama anaangalia viatu vya mama kana kwamba ndivyo vimemleta.

"Huko njiani alipanda ukingo wa barabara," alisema hatimaye, "akaangusha meza ya mama mmoja wa nyanya. Pale watoto hukaa, shemeji. Leo tu ndiyo hawakuwepo."

Mama hakupata usingizi. Asubuhi, wakati ambao kichwa cha mzee kilikuwa bado hakijavurugika, mzee mwenyewe alimfuata chumba cha kushonea. Alikuwa amebeba lile kopo la vifungo. Alimwaga vifungo mezani, akavipekua, akatoa ufunguo, akatoa klipu, akatoa kibanio, akavipanga mbele ya cherehani. Mama alingoja afokewe. Angeshukuru kama angefokewa.

"Umeficha vitu vya bure," mzee alisema. "Hivi natengeneza hata nikiwa nimelala."

"Nilishindwa kukwambia, baba watoto."

"Na mimi nilishindwa kukuuliza."

Akavuta kigoda, akakaa. Akamweleza polepole kwamba siku hizi anafungua kopo na anaona takataka. Zamani kila kipande kilikuwa na mwenyewe na safari yake. Sasa anakishika kipande na hakimwambii kitu, na mikono inakwenda yenyewe, naye anaitazama kama anatazama mikono ya fundi mwingine. Alisema anaogopa. Katika ndoa yao yote mama hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mumewe, wala hakujua la kufanya nalo, akamshika kiganja.

Ndani ya kiganja kile kulikuwa na kidude cheusi, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha chupa, chenye ulimi wa shaba. Ni rota, kile kinachozunguka karibu na injini na kugawa umeme ili kila plagi ipate cheche yake.

"Hiki sikiwezi," alisema mzee. "Nimejaribu kwa mbao, nimejaribu kwa pembe, nimejaribu kwa kile kifungo kikubwa cha koti lako. Umeme ukiona ufa tu unatoroka. Hiki kinataka kiwanda. Kilichobaki ni hiki kimoja, na bila hiki, lile pale uani ni bati." Alikiweka mkononi mwa mkewe, akamkunja vidole. "Kifiche. Usikitie kwenye vifungo. Nikikuuliza usinipe, hata nikilia, hata nikikutukana."

"Na ukiniuliza kwa upole?"

Mzee alivibana vile vidole.

"Hapo ndipo ukaze roho."

Mama alishona mfuko mdogo ndani ya aproni yake ya kazi, akakitia humo. Siku zikapita, gari likashika vumbi. Mzee alipita akalipapasa boneti, akaenda zake. Mama akaanza kuamini kwamba hilo limekwisha.

Halikwisha. Jumapili ilipofika, mzee alivaa shati safi, akatoka uani, akafunua boneti, akakaa huko kitambo. Kisha akaja mlangoni kwa mama anajifuta mikono. Hakulia wala hakutukana. Alikuwa anatabasamu.

"Mama, nataka tutoke kidogo, hali ya hewa nzuri. Hukuiona rota yangu?"

"Sijaiona," alisema mama. Lilitoka kirahisi, na urahisi wenyewe ukamtisha.

Mzee alimtazama, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Basi itakuwa imedondoka tu. Ungekuwa umeiona ungeniambia. Wewe hujawahi kunificha kitu."

Akachukua tochi, akapiga magoti kando ya gari, akamulika chini. Alimwita aje amsaidie, kwa sababu macho yake ni ya kutunga sindano, yanaona zaidi. Mama akaja. Alipopiga magoti, rota ikambana pajani ndani ya aproni.

"Wewe tafuta upande huo," alisema mzee, "mimi natafuta huku."

Na mama akatafuta.