Teofili na Wake Waliofichwa Daftarini

Teofili alizaliwa Kilimarondo, kwa wazazi waliovuka kutoka Msumbiji, na hadi anaondoka kwenda Dar es Salaam kazi aliyoijua vizuri ni kufukuza nguruwe pori shambani. Alirudi mwaka 2003 anajua kuandika programu za kompyuta. Chama chetu cha wakulima Ruangwa kikamwajiri, mimi nikiwa mtunza ghala. Sikumpenda. Alikuwa mpole mno, na watu wapole hunichosha.

Mwaka uliofuata tuligawa mifuko ya salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Daftari la wakulima lilipangwa kwa matabaka: ndani ya kata vijiji, ndani ya kijiji vitongoji, ndani ya kitongoji kaya. Teofili akaandika programu ya kufungua matabaka hayo na kuyalaza majina yote kwenye orodha moja ndefu. Nakiri ilinifurahisha, kwa uvivu wangu wa kupekua.

Siku ya tatu ya mgao akaja Hajra kutoka Matambarale, mke mdogo wa Mzee Awadhi. Ana mikorosho yake arobaini, aliyopewa na baba yake. Jina lake halikuwemo.

"Mumeo ameshachukua," nikamwambia.

"Amechukua mfuko wake, dada, anapulizia mikorosho yake. Yangu mimi maua yameshatoka. Ugonjwa wa ubwiriunga ukiingia, maua yatakauka na mwaka huu sivuni kitu, na nina watoto watatu."

"Orodha ndiyo iliyosema," nikamjibu, kwa ukali ambao hadi leo naona haya kuukumbuka. Nikamwita mwingine.

Hajra hakuondoka. Alikaa chini mlangoni, na Teofili alipopita akamkuta hapo. Kuuliza si ujinga. Mwenzangu aliuliza, mimi sikuuliza.

"Mama, kwenu mmeandikwaje?"

"Kwa jina la mzee. Sisi wake tumo humohumo ndani, kila mmoja na shamba lake."

Teofili akashika kichwa. Akanieleza kwamba aliiambia programu ifungue matabaka manne tu, na ikifika kwenye kaya ichukue jina la kwanza. Kwa mume mwenye mke mmoja hakukuwa na shida. Kwenye nyumba za mitala, ndani ya kaya mlikuwa na orodha nyingine ya wake na mashamba yao, na hiyo haikufunguliwa.

"Kosa ni langu, dada Eva. Kwetu ni mke mmojammoja, haikunijia akilini."

Akaketi palepale. Safari hii hakuihesabia mashine matabaka. Aliiambia kila ikikuta orodha ndani ya orodha ifungue tena, kama mtu anavyomenya hindi bichi, mpaka ifike kwa mtu mwenyewe. Alasiri printa ikatoa wanawake mia moja na kumi na saba ambao asubuhi hawakuwemo. Kumi na mmoja kati yao nilikuwa nimeshawafukuza kwa mdomo wangu huu. Teofili alichukua baiskeli akawafuata vijijini, na hakumwambia yeyote kwamba mimi ndiye niliyewafukuza. Namshukuru kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwambia.

Mifuko ilikuwepo ya kutosha. Kabla sijampa Hajra mfuko wake, nilimwonyesha mstari wake kwenye orodha. Hajui kusoma, akaweka kidole.

"Hapa niko na mzee?"

"Hapana, mama. Uko peke yako. Hajra binti Seleman, Matambarale, mikorosho arobaini."

Kidole chake kilibaki palepale.

"Nisomee tena," akasema.

Nikamsomea tena, polepole.