Mfereji wa Kahawa wa Baba

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochachuka huwakera wengi. Mimi huniletea kicheko, na leo nawaambieni kwa nini.

Shamba letu lilikuwa kilimani, nje kidogo ya Vwawa. Baba alijenga mfereji wa saruji wa kuoshea kahawa, ukishuka kutoka kwenye tangi ambamo punje zilizomenywa zililowekwa hadi zitoe utelezi wake. Mfereji ule ulikuwa roho yake. "Atakayeuchezea," alisema, "atahamia Isongole kwa shangazi yenu." Shangazi yule, jamani! Kwake hata kucheka kulihitaji kibali.

Jumamosi moja baba alikwenda kwenye kikao cha kanisa, nikawakusanya wadogo zangu wawili tuteleze mferejini juu ya gunia. Maji matupu hayakutufikisha mbali. Ndipo mimi, binti mjuaji wa miaka tisa, nikakumbuka utelezi ulikokuwa. Nikafungua kizibo cha tangi. Lo! Tulishuka kama sabuni iliyomponyoka mtu, na kahawa ya wiki nzima ikatufuata hadi majanini.

Kuinua macho, baba huyo hapo. Wadogo zangu walininyooshea vidole kabla hajauliza. Nikaangua kilio, nikijiona tayari niko Isongole.

Baba aliitazama kahawa, kisha mfereji. Akavua viatu vyake vya kanisani, akapanda juu, akaketi kwenye gunia.

"Hebu nionyeshe, mama, mnashika wapi?"

Akashuka akipiga yowe, suruali ikachanika, akacheka mpaka akapaliwa. Akarudia mara tatu. Halafu akatuamuru tuokote punje zote majanini, na migongo ilituuma siku mbili.

Msimu uliofuata alijenga mfereji wa pili, wa kutelezea tu. Watoto wa kwaya wakaja, kisha wanafunzi. Matairi chakavu ya malori ya Tunduma yakawa bembea. Leo wageni wanatoka hadi Zambia kuja kucheza, na mibuni iliyobaki imekuwa ua wa kuzungushia uwanja wa michezo.

Miaka yote niliamini baba alinihurumia tu. Mwaka jana nikamwambia hivyo bibi, mama yake.

"Akuhurumie nini? Nilimfunga kikapu cha kuchumia angali na meno ya utoto. Alicheza lini yule?"

Moyo uliniuma, nikatoka kwenda kumwita baba aje kula. Nikamkuta, mvi kichwa kizima, amepanga foleni ya kuteleza nyuma ya watoto wa chekechea. Sikumwita. Nikangoja zamu yake ifike.