Mashuka ya Chumba cha Uani

Mtaa mzima ulimwita Mzee Funguo, kwa sababu ya kile kitita cha funguo kilichomlialia kiunoni kila akipiga hatua. Jina lake la kuzaliwa alilitumia mkewe peke yake, na mkewe alikuwa amekufa.

Kazi yake ilikuwa nyumba ya kulala wageni, nyuma ya stendi ya mabasi. Vyumba vitatu vilitazama barabara, cha nne kilikuwa uani, karibu na bomba; wenyewe walijibana kwenye kijichumba kando ya jiko. Hakuna aliyewahi kuiita hoteli ila mkewe, tena kwa utani. "Hoteli yetu leo imefurika," angesema, na wageni wenyewe ni dereva mmoja na muuza vitabu. Mume alibeba maji, alifungua milango, aliwapokea watu stendi. Mke alitandika.

Na alijua kutandika. Alikuwa na sheria moja ambayo hata ugonjwani hakuiacha: shuka lililolaliwa halitoki kitandani kabla halijafungwa fundo pembeni. Zamani, walipokuwa bado wachanga katika kazi ile, shuka chafu lilijichanganya na safi, likakunjwa vizuri, likatandikwa, na mgeni akakuta unywele usio wake. Yule mgeni aliondoka, maneno yake yakabaki. Tangu siku hiyo, fundo. Lenye fundo linakwenda kwenye beseni, lisilo na fundo linakwenda kabatini, na hakuna kuulizana. Watoto walijua hivyo kabla ya kujua kusoma. Mzee naye alizoea, mpaka ikawa akivua shuka vidole vinafunga vyenyewe, huku yeye anaongea na mtu mambo mengine kabisa.

Alipougua sana, mke alihamia chumba cha uani, kwa kuwa kina ubaridi. Humo ndimo alimofia. Walipomtoa, mzee alifunga mlango, akauchomoa ule ufunguo kwenye kitita, akautia mfuko wa shati. Hakukipangisha tena. Kitanda kilibaki kama alivyokiacha mwenyewe, shuka limekunjamana upande wa ukutani, mto umebonyea pale kichwa kilipokaa.

Kila jioni mzee aliingia, akaketi kwenye kigoda. Hakukilalia kile kitanda, asije akakiharibu. Aliuinamia mto mara moja tu, akavuta pumzi, akainuka. Mafuta ya nywele, dawa ya kuchua, na kitu kingine kisicho na jina, ambacho ndicho mkewe. Alivuta kwa uchoyo, kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya kidole ili isiishe. Lakini ilikuwa inaisha. Alijua. Kila jioni ilimbidi ainame zaidi.

Binti yao wa mwisho, aliyeolewa mtaa wa pili na ambaye huja kila alfajiri kufua, alikwisha mwambia kwa upole, kisha bila upole, kwamba mashuka yale yataliwa na ukungu. Mzee alimjibu neno moja: asiguse. Hakugusa.

Sasa siku hiyo mvua iliondoka na daraja. Mabasi yote yakageuza, abiria wakamwagika mjini, kila mtu na begi lake anatafuta pa kuweka ubavu. Jua halijaanza kushuka, vyumba vitatu vya Mzee Funguo vilikuwa vimejaa.

Ndipo wakaja wazee wawili, mume na mke. Mke miguu ilikuwa imemvimba, anatembea peku, na mume amevishika viatu vya mkewe mkononi kama mtu aliyebeba mayai. Waliomba chumba. Mzee Funguo akasema pamejaa, na alipokuwa akisema, mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa shati.

Hawakubisha. Mume alisema asante, akainama kulichukua begi. Yule bibi naye akaanza kugeuka, mguu mmoja, kisha mwingine, polepole, kama anayekanyaga miba. Hilo ndilo lililomshinda mzee. Akalinyakua begi kabla mwenyewe hajalifikia, akasema mahali pote pa kulala hapa mjini anapajua, atawapeleka.

Akawapeleka. Na njiani hakuna aliyeomba chumba kipatikane kuliko yeye. Aliomba kimoyomoyo, meno yameumana. Popote pale, kwa yeyote yule, ila si uani kwake.

Walianza na hoteli kubwa, ile yenye milango ya vioo inayojifungua yenyewe. Dada wa mapokezi aliwapa pole na glasi za juisi, lakini chumba hakuwa nacho. Kulikuwa na mkutano, na wajumbe wengine walikuwa wamelazwa mpaka ukumbi wa mazoezi. Bibi alikunywa juisi yake, akanywa na ya mumewe, akasema wakifika nyumbani watawaambia watu walifikia hoteli kubwa, wala haitakuwa uongo.

Wakaenda hosteli ya vijana, yenye vitanda vya ghorofa. Kilikuwa kimebaki kimoja, cha juu, upande wa wanaume. Bibi alikitazama, akaitazama ile ngazi yake, akamwambia mumewe apande yeye, na yeye atamwimbia kutoka chini.

Mbele kidogo kulikuwa na nyumba mpya ya kupangishwa kwa simu. Mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na kisanduku chenye namba, ufunguo umo ndani, na mwenye nyumba yuko nchi nyingine. Mlinzi wa jirani aliwaeleza kwamba mtu hulipa kwanza mtandaoni, ndipo anatumiwa namba za kukifungua. Simu zao wote zilikuwa za tochi. Mzee Funguo alisimama pale muda, anakitazama kile kisanduku. Nyumba tupu, taa inawaka ndani, kitanda kimetandikwa, na hakuna hata mtu wa kumbembeleza.

Kule bondeni, kwenye kambi ya mahema, maji yalikuwa yameingia. Watalii walikuwa wameketi juu ya mizigo yao, matope mpaka magotini, na mmoja wao ndiye aliyewauliza wao kama wanajua chumba.

Ikabaki gesti ya nyuma ya soko. Mzee hakupenda kuwafikisha pale, lakini miguu ya bibi ilikuwa haichagui tena. Muziki ulikuwa unatikisa mabati. Msimamizi, bila kuinua macho, akauliza, "Mnapumzika au mnalala?"

"Tulishapumzika sana," bibi akamjibu. "Ndiyo maana tuna wajukuu."

Mzee Funguo akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikamuuma kifua, maana hakikuwa kimepita njia ile muda mrefu. Msimamizi naye alicheka, kisha akasema vyumba vimekwisha, vya kulala na vya kupumzika.

Wakarudi stendi, kwenye benchi. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Mume alipiga magoti chini pale pale, kwenye vumbi lililolowa, akaiweka miguu ya mkewe juu ya mapaja yake, akaanza kuikanda. Mke hakumwambia panamuuma wapi. Mikono ilikuwa inajua.

Bibi akamgeukia Mzee Funguo. "Nenda kapumzike, kaka yangu. Umefanya kazi ya ndugu. Sisi tutakesha hapa hapa. Ujanani tulikesha bila hata sababu."

Akaenda. Alipofika kwenye kona alisimama. Alijaribu kufikiri mkewe angesema nini, akaona asingesema kitu. Angeuchukua tu ule ufunguo, amwache yeye amesimama.

Akarudi kwenye benchi. "Chumba kipo," akasema.

"Kimetoka wapi?" bibi akauliza.

"Kilikuwa kimefungwa."

Mume alimtazama usoni, kisha akautazama ule mkono uliokuwa kwenye mfuko wa shati. Akamwinua mkewe.

Nyumbani, mzee aliwaketisha barazani akaingia peke yake. Alikuwa ameshapanga kichwani. Angevua mashuka na foronya, angevikunja, angevifungia kwenye sanduku lake la bati chini ya kitanda chake. Mfuniko wa sanduku lile ni mzito. Harufu haitatoka. Pengine humo itadumu hata kuliko wazi, alijiambia, na alijiambia tena, kama anayempooza mtoto.

Alivua haraka, kwa sababu angevua polepole asingevua. Foronya kwanza, akaibana chini ya kwapa. Shuka la juu. Shuka la chini. Muda wote alitazama ukutani, palipokuwa na doa la unyevu, akaiacha mikono ifanye inachokijua. Foronya aliiviringa katikati ya mashuka, ikapotea. Kisha akatandika mashuka safi kutoka kabatini, upande wa miguuni ameyakaza mpaka kidole kisipite, kama alivyofundishwa. Mwisho akafungua dirisha, maana mgeni halali kwenye hewa iliyofungwa. Alishika pembe ya dirisha kwa muda, anahisi ubaridi unaingia, anajua na kinachotoka.

Alipokuwa akipita ukumbini na ule mzigo kifuani, bibi aliomba maji ya moto ya kutia miguu. Mzee akauweka mzigo juu ya kiti, akaenda jikoni, akachemsha, akampelekea beseni, akaleta na taulo. Akamwonyesha mumewe bomba lilipo. Akaingia chumbani kwake, akaketi avue viatu tu, halafu akautie ule mzigo kwenye sanduku.

Usingizi ukambeba hivyo hivyo, kiatu kimoja mguuni. Tangu msiba hakuwa amelala usingizi wa namna ile.

Alipoamka jua lilikuwa limekwisha panda, na stendi honi zinalia. Basi lilikuwa limepatiwa njia nyingine. Wale wazee walikuwa wameshasimama barazani na begi lao, na bibi alikuwa amevaa viatu.

"Tumelala kama watoto," akasema. "Mkeo yuko wapi nimuage? Maana kitanda kile hakikutandikwa na mwanamume."

"Kilitandikwa na mwanamume," Mzee Funguo akasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha."

Bibi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika muda mrefu kuliko kuaga. Mumewe akagusa kofia. Wakaenda, wanatembea taratibu, sasa yule mume hana cha kubeba ila begi.

Mzee aligeuka kuufuata mzigo wake. Kiti kilikuwa kitupu.

Alisimama akikitazama kana kwamba kukitazama kungesaidia. Ndipo akasikia maji yanadondoka uani.

Binti alikuwa kwenye kamba, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, anabana kibanio cha mwisho. Macho yalikuwa mekundu, lakini alimtazama baba yake kwa tabasamu, kama mtu anayempokea msafiri aliyekawia.

"Nimeliona fundo, Baba," akasema. "Nimelia kwanza, halafu nikasema afadhali. Nimemfulia kwa mkono, taratibu. Sikuyapiga hata kwenye jiwe."

Mzee akaviangalia vidole vyake. Hakukumbuka kufunga. Alirudi kwa mawazo mpaka kitandani, mpaka kwenye lile doa la ukutani, akatafuta ni wakati gani, na hakuuona.

Alikwenda kwenye kamba. Akaishika foronya, akaiweka usoni. Sabuni. Akaenda kwenye shuka la juu, akaenda kwenye la chini, akalivuta lote mpaka likamfunika kichwa. Sabuni na ubaridi. Alikaa humo ndani, na maji yakamtiririka shingoni.

Tabasamu la binti lilikuwa limeanza kuondoka. "Baba," akasema, na sauti ikawa ya chini sana. "Hukutaka nifue?"

Akatoka kwenye shuka. Mbele yake kulikuwa na kidevu cha mkewe, kile kile, kinatetemeka. Angesema neno moja tu, sikutaka, yule mtoto angelibeba mpaka kaburini, na huyo ndiye aliyebaki naye karibu.

"Umefua vizuri," akasema. "Umefua kama mama yako."

Binti hakusadiki, lakini alishusha pumzi. Akainama, akaanza kumwaga maji ya beseni, mgongo ameugeuza.

Mzee akalishika shuka la chini kwenye pembe. Pale palipokuwa na fundo palibaki na mikunjo, bado haijanyooka. Akaipitisha ncha, akaivuta, akafunga. Safari hii alivitazama vidole vikifunga, kama mkewe alivyovifundisha.

Binti aligeuka akaona. "Baba, hilo ni safi."

"Najua," akasema, na akalikaza.