Mshipa Uliopita Nyuma

"Mara ya kwaaanza!" Hanna bado anaisikia sauti ile ya mumewe, ikitoka uwanja wa kanisa Nkoaranga na kushuka hadi kwenye migomba yao bondeni. Kila Jumapili baada ya ibada, Ephraimu Sumari alinadi sadaka za washarika: mayai, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Kuna jogoo aliuzwa mara tatu asubuhi moja, kwa kuwa kila aliyemnunua alimrudisha, amsikie Ephraimu akinadi tena.

Mwaka jana ugali ulianza kumkwama. Ikafuata ndizi laini, kisha uji. Hospitali ya rufaa mjini walimwingiza kamera kooni, wakasema ni saratani ya umio, ile njia ya chakula, juu karibu na shingo.

Siku ya kuelezwa upasuaji, daktari Arnold, kijana bado, aliinua picha ya skani.

"Mzee, una mshipa uliopita mahali pasipo pake."

Hanna akamgeukia mumewe. "Baba Anande! Una mshipa, miaka yote hii, na hukuniambia?"

Ephraimu alicheka mpaka akapaliwa. Daktari naye aliuma midomo. "Si ule wa wanaume, mama. Huu ni wa damu, unakwenda mkono wa kulia. Umepita nyuma ya umio. Amezaliwa nao."

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mwenye mshipa wa namna hiyo, daktari alieleza, hata neva ya sauti upande ule hushika njia ya peke yake, nyembamba kama uzi. Na uvimbe ulikuwa umeshaifikia; kuutoa kungeweza kuondoka na sauti.

"Nisipopasuliwa?"

"Hata maji hayatapita, mzee."

Ephraimu aliomba kalamu, akatia sahihi.

Walimpasua kwa muda wa saa tisa nzima. Mshipa wa damu ulisalimika. Neva haikuwezekana kuiacha. Sasa anakunywa mtori, supu nzito ya ndizi, vijiko vichache kwa wakati, na sauti yake imebaki pumzi tu. Wanaokuja kumjulia hali humpazia sauti, utadhani aliugua masikio. Hanna naye ameambukizwa bila kujijua.

"BABA ANANDE! NIKUONGEZEE?" alimuuliza jana, naye amesimama ubavuni pake.

Ephraimu aliweka kijiko chini. Alimshika mkono, akamvuta ainame.

"Mama Anande," alisema polepole, "mimi nasikia."